Msumeno ndio wanaoukumbuka: kufundisha historia ya tiba ndani ya chumba cha upasuaji cha mwaka 1822

Swali limetoka kwa mwalimu wa historia, mzaliwa wa Tanga, anayefundisha sekondari kusini mwa London. Mwezi ujao atawapeleka wanafunzi wake 28, wenye umri wa miaka 14 na 15, kwenye Old Operating Theatre, makumbusho ya upasuaji yaliyo darini mwa kanisa la zamani la St Thomas, mtaa wa Southwark. Kundi alilolipeleka awali lilirudi likikumbuka msumeno na damu, basi. "Walifurahi sana," anaandika, "lakini kwenye insha hakuna hata mmoja aliyeeleza kwa nini wagonjwa walikuwa wakifa. Nifanyeje ili ziara iwe somo? Nina saa mbili tu. Ninao wawili wanaozimia wakiona damu. Na mmoja, ambaye mama yake ni wa Uganda, ameniuliza kama sisi Waafrika hatumo kabisa kwenye historia hii."

Mwalimu mwenzangu, nimeongoza makundi ya shule kwenye makumbusho ya tiba kwa miaka mingi, na hilo la msumeno nalifahamu vizuri. Wala usiwalaumu watoto. Mtoto akiingizwa kwenye chumba chenye meza ya mbao, visu na msumeno wa mfupa bila kupewa kitu cha kutafuta, macho yake yataenda kwenye kinachotisha, na yatabaki hapo hapo. Kuuficha msumeno si dawa. Wape swali ambalo msumeno hauwezi kulijibu, nalo walipokee darasani, siku mbili tatu kabla ya safari.

Swali ninalolipendekeza ni hili. Mwanamke amekatwa mguu Jumatatu. Daktari ni hodari, kazi imemchukua dakika chache, damu imezuiwa, mgonjwa amerudishwa kitandani akiwa hai. Jumatatu ya pili anazikwa. Kimemuua nini?

Liandike ubaoni, wacha wabishane. Watataja maumivu, damu, mshtuko, na yote hayo yaliua kweli. Usiwasahihishe. Waambie kwamba jibu lipo ndani ya kile chumba, ila halimo kwenye kabati la vioo. Mtoto anayepanda zile ngazi akiwa na kesi ya kuchunguza hatembei sawa na anayepanda kwenda kutishwa.

Ngazi zenyewe nizitaje mapema: ni 52, za mbao, nyembamba, zinazunguka kama za mnara. Mwanafunzi mwenye shida ya miguu au ya pumzi, wapigie simu makumbusho kabla ya siku yenyewe uulize wanaweza kumsaidiaje. Usisubiri mpaka mko mlangoni na foleni nyuma yenu.

Ukifika juu, usikimbilie chumba cha upasuaji. Anzia kwenye dari lenyewe. Kanisa lilijengwa mwanzoni mwa miaka ya 1700 likiwa sehemu ya hospitali ya St Thomas, na hapo darini ndipo mtunza dawa wa hospitali alipokuwa akikaushia na kuhifadhi mitishamba. Vichwa vya mpopi vilivyokauka vilikutwa humo miaka mingi baadaye, na mpopi ndio unaotoa afyuni. Wape dakika 15 za kunusa, kusoma vibandiko na kuorodhesha: ni nini hapa kingeweza kweli kumsaidia mgonjwa, na ni nini kilikuwa imani tu? Watashangaa kukuta kwamba orodha ya kwanza si tupu. Afyuni ilipunguza maumivu. Gome la mkwinini lilishusha homa ya malaria tangu miaka ya 1600. Ni muhimu walione hili mapema, kwa sababu wanafunzi wengi huja wakiamini watu wa kale walikuwa wajinga, na mwenye imani hiyo haulizi tena kwa nini. Keshapata jibu lake: ujinga. Kazi yako ni kumnyang'anya hilo jibu.

Ndipo muingie. Hiki ndicho chumba kinachohesabiwa kuwa kikongwe kuliko vyote vya upasuaji vilivyosalia Ulaya. Kilitengenezwa mwaka 1822, ndani ya lile dari la mitishamba, kwa sababu wodi ya wanawake ilikuwa jengo la pembeni kwa usawa ule ule wa juu, na kabla ya hapo wanawake walikuwa wakipasuliwa wodini, wenzao wakiwa vitandani wakisikia kila kitu. Hospitali ilihama mwaka 1862 kwa sababu reli ilihitaji kile kiwanja. Mlango ukazibwa, chumba kikasahaulika karibu miaka mia, mpaka mwaka 1956 mtafiti Raymond Russell alipopanda darini na kukikuta. Mwaka 1962 kikafunguliwa kwa umma.

Hiyo miaka ndiyo mhimili wa somo lako lote, kwa hiyo niipange jinsi ninavyowapangia wanafunzi. Chumba kilitumika kuanzia 1822 hadi 1862, miaka 40. Etha ilitumika kwa mara ya kwanza hadharani kumlaza mgonjwa wa upasuaji mjini Boston, Marekani, tarehe 16 Oktoba 1846. Tarehe 21 Desemba mwaka huo huo daktari wa upasuaji Robert Liston akamkata mtu mguu akiwa usingizini katika hospitali ya University College, hapa hapa London. Klorofomu ikafuata Edinburgh mwaka 1847, mikononi mwa James Young Simpson. Kwa hiyo miaka 24 ya mwanzo ya chumba hiki hapakuwa na nusukaputi, na miaka 16 ya mwisho ilikuwepo. Sasa, daktari wa upasuaji Joseph Lister alianza kutumia asidi ya kaboliki, dawa ya kuua vijidudu, kwenye vidonda mwaka 1865 huko Glasgow, na akachapisha matokeo yake mwaka 1867. Mnaona? Chumba kilifungwa miaka mitatu kabla. Hakuna mwanamke hata mmoja aliyepasuliwa pale kwa njia ya Lister. Mnasimama mahali palipoona tatizo la maumivu likitatuliwa, pakafungwa kabla tatizo la pili, la vidonda kuoza, halijatatuliwa.

Mwambie kila mwanafunzi achore mstari wa miaka hiyo 40 kwenye daftari na aweke alama kwenye 1846. Kisha auendeleze nje ya chumba mpaka 1867. Ni dakika tano, na insha nzima imeshapata mifupa.

Baada ya hapo ndipo uwaache waangalie, na hapa usiwe na haraka, maana utajiri wote uko hapa. Mimi huwapanga watoto kwenye zile ngazi za kusimamia zinazozunguka meza kwa nusu duara. Nawabana kweli, bega kwa bega, kwa muda mfupi. Wanafunzi wa udaktari walijaa pale kwa sababu sheria ya mwaka 1815 iliwataka wanaojifunza kazi ya mtunza dawa wapate mafunzo hospitalini. John Flint South, aliyekuwa daktari wa upasuaji wa St Thomas, ameeleza jinsi vyumba vile vilivyosongamana, na wa nyuma walivyokuwa wakiwapigia kelele wa mbele wainamishe vichwa. Waulize walio safu ya juu: unaona nini? Kisha waulize wote: hawa watu zaidi ya mia wametoka wapi asubuhi hii? Wengine wametoka chumba cha maiti, kujifunza anatomia. Acha hilo lining'inie, usilifafanue.

Halafu waangalie juu. Kuna dirisha kubwa la paa, na hilo ndilo lililokuwa taa. Kisha waangalie chini. Sakafu ina tabaka mbili za mbao, na katikati yake palishindiliwa unga wa mbao, unene wa kama sentimita 8, ili damu isidondoke kanisani chini. Palikuwa pia na sanduku la unga wa mbao lililosukumwa kwa mguu kufuata damu inakotiririkia. Hapa watoto hucheka au huguna. Waache, halafu uliza: unga huo ulibadilishwa lini? Sakafu ya mbao inasafishwaje? Kama kuna kitu kinaishi kwenye damu iliyokauka, kinaishi wapi?

Mwisho, wasake mahali pa kunawa. Huwa sisemi zaidi ya hivyo. Msichana mmoja wa kundi la Peckham aliwahi kuzunguka meza, akaangalia koti kuukuu la daktari lililotundikwa ukutani, likiwa gumu kwa madoa, kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Sasa alinawa kabla au baada?" Chumba kizima kikageuka kumtazama. Swali lile lilifanya kazi ambayo mimi nisingeifanya kwa nusu saa ya maelezo. Daktari wa miaka ile alinawa akimaliza, kuondoa damu mikononi aende zake. Kunawa kabla hakukuwa na maana kwake, kwa sababu hakuwa na nadharia yoyote inayosema mikono yake imebeba kitu. Koti lile la madoa lilikuwa sifa. Lilionyesha mtu amefanya kazi nyingi.

Hapo msumeno umeshapata mahali pake pa kweli. Ulikuwa chombo cha kuokoa. Mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi, mguu uliokanyagwa na gari la farasi, ukiachwa ungeoza na kuua. Kuukata kulimpa mgonjwa nafasi. Wasipoelewa hilo watamwona daktari kama mchinjaji, na historia itageuka filamu ya kutisha. Mwonyeshe daktari huyo kama mtu hodari, mwenye nia njema, aliyekuwa akiua kwa mikono yake bila kujua. Ukutani kuna maneno ya Kilatini yanayosema kazi ile inafanywa kwa huruma, si kwa malipo. Wasomewe. Wagonjwa wa pale walikuwa wanawake maskini. Wenye fedha walipasuliwa nyumbani kwao, mara nyingine juu ya meza ya jikoni, na mtoto mwerevu atakuuliza ni wapi palikuwa na hatari ndogo zaidi. Mwambie alifikirie mwenyewe.

Kuna hadithi moja utakayoisikia, kutoka kwa watoto walioipata mtandaoni: kwamba Liston alimkata mgonjwa kwa kasi mno akamkata na msaidizi vidole, mtazamaji akafa kwa hofu, watu watatu wakafa kwa upasuaji mmoja. Usiirudie kama tukio. Hakuna ushahidi wa wakati ule unaoithibitisha. Itumie kama zoezi la chanzo ukipenda: nani aliisema kwanza, na alikuwepo? Ukweli wa Liston unatosha bila chumvi. Kasi ilikuwa huruma pale ambapo mgonjwa yuko macho.

Baada ya chumba, kaeni mahali, muangalie namba. Mimi hutumia seti mbili tu.

Ya kwanza ni ya daktari Ignaz Semmelweis, Vienna. Mwaka 1846, katika wodi ya wazazi iliyohudumiwa na madaktari na wanafunzi wao, zaidi ya akina mama 11 katika kila 100 walikufa. Semmelweis akaona kwamba hao madaktari walikuwa wakitoka kupasua maiti, kisha wanakwenda moja kwa moja kuwapima wazazi. Mwaka 1847 akawalazimisha kunawa kwa maji ya klorini. Mwaka 1848 vifo havikufika hata viwili kwa mia. Lile swali lililoning'inia, kwamba wanafunzi wametoka chumba cha maiti, sasa limepata jibu.

Ya pili ni ya Lister. Kabla ya kaboliki, katika wagonjwa wake 35 aliowakata viungo, 16 walikufa. Baada ya kaboliki, katika 40 walikufa 6. Wapigie hesabu wenyewe: asilimia 46 imeshuka hadi 15. Kisha wasumbue kidogo. Je, watu 75 wanatosha kuthibitisha jambo? Kuna kingine kilichobadilika katika ile miaka? Wanaosoma kwa ajili ya GCSE, mtihani wa sekondari wa huku Uingereza, wanahitaji sana mazoea haya ya kuipima namba badala ya kuinakili. Ongeza na mgonjwa mmoja, ili namba zisielee: Agosti 1865 mtoto wa miaka 11, James Greenlees, alikanyagwa mguu na gari huko Glasgow, mfupa ukatoka nje ya ngozi. Kwa kawaida ya siku zile mguu ungekatwa. Lister akafunga kidonda kwa kitambaa chenye kaboliki, na baada ya wiki kama sita mfupa ulikuwa umeunga. Mtoto aliondoka na miguu yake miwili. Ana umri wa wadogo zao, watamkumbuka.

Usiache wadhani nusukaputi peke yake ilipunguza vifo. Hili ndilo kosa la kawaida kwenye insha. Mgonjwa akilala, daktari anapata muda, anathubutu kuingia ndani zaidi ya mwili, na mikono ile ile isiyonawiwa inakaa kidondani kwa muda mrefu zaidi. Maumivu yaliondoka, usaha ukabaki. Mwanafunzi akiweza kuieleza sentensi hiyo kwa ushahidi wa chumba alichosimama ndani yake, ameelewa.

Sasa nije kwa yule mwenye mama wa Uganda, na nakuomba swali lake usiliache kando kama la nyongeza, maana lina jibu zuri na linaingia moja kwa moja kwenye hoja yetu ya mikono. Mwaka 1879 Mwingereza Robert Felkin, aliyesomea udaktari, alikuwa Kahura katika Bunyoro, magharibi mwa Uganda ya leo, akashuhudia mganga wa huko akimpasua mwanamke mwenye uchungu ili kumtoa mtoto. Maelezo yake yalichapishwa katika jarida la kitabibu la Edinburgh mwaka 1884. Mwanamke alinyweshwa pombe ya ndizi mpaka akalegea, akafungwa kitandani kwa vitambaa vya magome ya mti. Mganga akaosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe ya ndizi, kisha kwa maji. Akakata. Msaidizi akazuia damu kwa chuma cha moto. Mtoto akatoka, tumbo likafungwa kwa pini saba nyembamba za chuma zilizozungushiwa kamba ya magome, kidonda kikapakwa dawa ya mizizi iliyosagwa. Siku ya 11 kidonda kilikuwa kimepona. Mama na mtoto walikuwa hai.

Rudia ule mstari wa kuosha mikono kwa watoto: aliosha mikono kabla ya kukata. Kabla. Mbele ya darasa lililotoka kuona koti la madoa, huhitaji kuongeza neno.

Lakini kuwa mwaminifu kwa ushahidi hapa kama ulivyokuwa kwa Liston. Ni maelezo ya mtu mmoja, mgeni, kuhusu tukio moja. Mganga yule hakuacha maandishi, wala jina lake hatuna. Felkin aliona mbinu iliyokomaa, yenye hatua zinazojulikana na wasaidizi wanaojua nafasi zao, na hilo halizuki siku moja. Ila haituruhusu kusema kila mganga Afrika alifanya hivyo. Je, yule bwana wa Bunyoro alijua kuhusu bakteria? Hapana. Na Semmelweis je? Hapana pia. Wote wawili walikuwa na desturi iliyofanya kazi kabla ya maelezo yake kupatikana. Waulize wanafunzi kwa nini mmoja yuko kwenye kitabu chao na mwingine hayumo. Hapo ndipo swali la binti yule, au kijana yule, linapogeuka kuwa historia ya kweli, linaacha kuwa la kutafuta faraja.

Ukipata muda, ongeza Onesimus. Huyu alikuwa Mwafrika aliyefanywa mtumwa mjini Boston, ndiye aliyemweleza bwana wake, mchungaji Cotton Mather, jinsi kwao watu walivyochanjwa kwa usaha wa ndui ili wasiugue vibaya. Ndui ilipoingia Boston mwaka 1721, daktari Zabdiel Boylston akaijaribu njia hiyo. Ni zaidi ya miaka 70 kabla ya Edward Jenner, daktari Mwingereza, na chanjo yake ya ndui ya ng'ombe mwaka 1796. Na kwa wanaomsoma Robert Koch kama shujaa wa vijidudu, waambie pia alifika kwetu: miaka ya 1906 na 1907 alikuwa visiwa vya Ssese, Ziwa Victoria, akiwatibu wagonjwa wa malale kwa dawa ya atoksili yenye aseniki ndani yake. Alipandisha dozi, na baadhi ya wagonjwa wakapofuka. Sayansi yake ya vijidudu ilikuwa kubwa kweli, na wagonjwa wale hawakuwa na namna ya kukataa. Watoto wa miaka 15 wanaweza kuyabeba yote mawili kwa pamoja ukiwaamini.

Kuhusu wanaozimia. Kuzimia kwa kuona au kusikia habari za damu ni jambo la mwili, si woga, na lisemwe hivyo mbele ya darasa zima ili asichekwe mtu. Wale chakula kabla, wanywe maji, maana kule juu joto hupanda watu wakijaa. Hao wawili usiwapange safu ya juu wala katikati. Wakae ukingoni karibu na mlango, na wawe na ruhusa ya kutoka bila kuomba. Akianza kutokwa jasho na kuona giza, alale chali hapo hapo, miguu iinuliwe. Kumkokota mtu anayeelekea kuzimia ashuke ngazi 52 za mzunguko ni hatari kuliko kuzimia kwenyewe. Wape pia kazi inayowahitaji: mmoja ahesabu dakika, mwingine aandike maswali yanayoulizwa. Mtu mwenye kazi ya kuandika hupata nafuu kubwa.

Mara nyingi kipindi cha shule huwa na onyesho, na mwanafunzi mmoja huombwa alale mezani kama mgonjwa. Mchague wewe, mapema, kwa siri, na baada ya kuuliza nyumbani. Mtoto aliyepasuliwa karibuni, au aliyefiwa hospitalini, hapaswi kushtukizwa pale mbele ya wenzake. Na mimi sikubali mayowe ya kuigiza. Pale palilala wanawake halisi, baadhi wakiwa wamefungwa kitambaa machoni, wakitazamwa na umati wa wanaume wasiowajua, kwa sababu tu hawakuwa na fedha za kupasuliwa faraghani. Nikishawaambia hivyo, watoto hutulia wenyewe. Waulize: alikubali? Alikuwa na hiari gani? Wasichana hasa huwa na mengi ya kusema hapo, uwape nafasi.

Ikiwa utaongeza makumbusho nyingine, kama Hunterian, ambako kuna viungo na mifupa ya watu, fanya hiyo iwe siku nyingine kabisa. Hunterian ilipofunguliwa upya mwaka 2023 haikurudisha maonyeshoni mifupa ya Charles Byrne, mtu mrefu kupita kiasi wa Ireland aliyefariki mwaka 1783, ambaye hakutaka kabisa mwili wake uchukuliwe na madaktari. Ni mjadala mzito, na kwa watoto wenye asili ya Kilimanjaro una jeraha lake la karibu: Mangi Meli, mtawala wa Wachagga wa Moshi, alinyongwa na Wajerumani mwaka 1900, na ukoo wake bado unalitafuta fuvu lake. Hayo hayaingizwi kwenye dakika kumi za mwisho za ziara.

Kuhusu muda wako wa saa mbili, usiugawe sawasawa. Dari la mitishamba robo saa, chumba karibu saa nzima, namba nusu saa, Bunyoro ndani ya zilizobaki. Ukibanwa, punguza dari, usiguse chumba.

Na insha. Usiwape tena "Eleza ulichojifunza". Hospitali ilipohama mwaka 1862 ilikuwa inakwenda kujenga upya, na jengo jipya la Lambeth lilifunguliwa mwaka 1871. Florence Nightingale, aliyefungua shule yake ya wauguzi St Thomas mwaka 1860, alikuwa ameshaandika jinsi hospitali inavyopaswa kujengwa. Basi waambie wao ni wajumbe wa bodi, ni mwaka 1862, wamesimama ndani ya kile chumba kwa mara ya mwisho. Waandike barua: tumepoteza wagonjwa gani hapa, tunadhani kwa nini, na jengo jipya liwe na nini? Wanaruhusiwa kutumia yale tu ambayo mtu wa 1862 angeyajua. Atakayedai madirisha makubwa pande zote mbili, vitanda viachane, sakafu inayosugulika na maji ya kunawa karibu na meza, akieleza ushahidi wake, mpe alama zake zote. Atakayedai asidi ya kaboliki mpunguzie alama, kisha mrudishe kwenye ule mstari wa miaka aliouchora darini.